UZI: DNA inaanzaje kujinakili? Fundi wa kunakili hajui kuanza, na hapo ndo kila kiumbe kimetafuta njia yake

BintiUkindu · #1

Habari za jioni wakuu.

Nafanya kazi maabara, na kazi yangu kubwa ni kupima majani ya mihogo yanayoletwa na maafisa ugani, tunatafuta virusi vya batobato. Wiki iliyopita nilichanganya mirija yangu ya PCR (njia ya kunakili DNA kwenye mashine) kama kawaida, nikaweka bafa, magnesiamu, nyukliotaidi zote nne (ndo herufi za DNA), polimerasi (ndo fundi wa kunakili), DNA ya majani, nikapanga kwenye mashine saa nne asubuhi ikazunguka mizunguko 35, mchana nikamimina jeli, nikapakia sampuli, nikatia umeme, nikawasha taa ya UV. Ile ngazi ya vipimo inang'aa vizuri kabisa, alafu kisima cha kwanza mpaka cha kumi na mbili giza tupu. Hata ile sampuli ya uhakika ambayo miaka yote inawaka, giza. Nikarudi kwenye friza nikakuta mirija miwili midogo ya praima, vile vipande vifupi vya DNA ambavyo fundi anaanzia, imekaa palepale, barafu haijayeyuka.

Fikiria kilichotokea mle ndani. Kiolezo kipo, herufi zote zipo, fundi yupo tena wa kutosha, joto sawa, saa mbili nzima, na hakuna hata herufi moja iliyounganishwa. Nimekuwa nalifikiria hili jambo wiki nzima ndo mana nimefungua uzi.

Bibi yangu kule Pangani alikuwa anasuka mikeka. Sisi wajukuu tulikuwa tunaendeleza ukili, unachomeka mwaa mpya pale wa zamani unapoishia unaendelea kusuka, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kwenda pima mbili bila kukosea. Lakini kuanza ukili hakuna aliyeachiwa, bibi mwenyewe alikuwa anakaa anakunja ile miyaa ya kwanza, anaifunga kichwa, ndo anakupa uendelee. DNA polimerasi ni kama sisi wajukuu. Inaongeza herufi kwa kasi ya ajabu na inakosea mara chache sana, lakini lazima ikute ukili umeshaanzwa. Kikemia inachotaka ni kile kikundi cha OH kilichopo kwenye kaboni ya tatu ya sukari ya herufi ya mwisho, hapo ndo inapachika herufi inayofuata. Hakuna OH, hakuna kazi.

Kwahiyo maswali ni mawili tu kwa kila kiumbe chenye DNA: nani anafungua nyuzi mbili za DNA na anafungulia wapi, na ile OH ya kwanza inatoka wapi. Majibu ya bakteria, ya seli zetu, ya mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli) na ya virusi hayafanani, na mimi naona hapo ndo utamu wote wa baiolojia ulipo. Karibuni tujadili.

Dogo_PCB · #2

Shikamoo dada. Mimi nipo form six nasoma PCB. Sisi notisi zinaanza moja kwa moja "helikesi inafungua nyuzi", alafu praimesi, polimerasi, ligesi, basi unakariri mpangilio. Ila sijawahi kuelewa nani anaiambia helikesi ifungue hapo na sio pengine. Au inafungua popote tu?

BintiUkindu · #3

Marahaba mdogo wangu. Haifungui popote, na swali lako watu wakubwa walilishughulikia kabla sisi hatujazaliwa. Mwaka 1963 François Jacob, Sydney Brenner na François Cuzin walitoa wazo kwamba lazima kuwe na vitu viwili: sehemu maalumu kwenye DNA yenyewe, na protini inayokuja kuitambua sehemu hiyo. Sehemu hiyo wataalamu wanaiita orijini, mimi nitaiita kianzio.

Chukua E. coli, bakteria wa utumbo ambaye kila mtu wa maabara anamfahamu. DNA yake ni duara moja la jozi za herufi kama milioni 4.6. Katika duara lote hilo kianzio ni kimoja tu, kinaitwa oriC, urefu wake kama jozi 245. Protini inayokuja pale ni DnaA. Ikiwa imebeba ATP (molekuli ya nishati ya seli) inakaa kwenye vijisehemu vya herufi tisa tisa vilivyopo hapo, inakuja moja, ya pili, ya tatu, zinajazana mpaka DNA inajizungusha juu yao na ule mkazo unaachanisha kipande cha jirani. Na hicho kipande cha jirani kimejaa A na T, mana jozi za A na T zimeshikana kwa ulegevu kuliko G na C. Yani mahali pa kufungulia pameandaliwa kabisa kuwa dhaifu.

Hapo sasa ndo helikesi yako inaingia, na yenyewe haijiingizi. Inaitwa DnaB, ni pete ya protini sita, inabebwa na protini nyingine DnaC ambayo inaivalisha kwenye uzi uliokwisha achana. Zinavalishwa pete mbili, moja inaelekea huku moja kule. Praimesi inakuja kugusana na helikesi, inaandika kipande kifupi cha RNA (ndugu wa DNA), herufi kama kumi hivi, na mwisho wa hiyo RNA ndo ile OH tunayoitafuta. Polimerasi III inadaka hapo inaondoka. Baadae ile RNA inang'olewa na pengo linazibwa na DNA, ligesi inaunga. Kwahiyo anayeanza ukili ni praimesi, na anaanza kwa RNA, sio DNA.

Kasi yake ni kama herufi 1,000 kwa sekunde kila upande. Piga hesabu: pande mbili, kila mmoja una jozi milioni 2.3, unapata sekunde 2,300, kama dakika 38 mpaka 40. Lakini E. coli akishiba vizuri anagawanyika kila dakika 20! Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani kuna makosa ya uchapaji. Jibu ni kwamba anaanza raundi mpya kabla ya zamani haijaisha, kwahiyo mtoto anazaliwa akiwa na DNA ambayo tayari imeanza kunakiliwa kwa ajili ya wajukuu.

Sasa kama anaweza kuanza juu ya kuanza, nini kinamzuia asianze ovyo? Kwenye oriC kuna herufi GATC zimerudiwa mara 11, na kawaida zimewekwa alama ya methili (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye nyuzi zote mbili. DNA ikitoka tu kunakiliwa, uzi wa zamani una alama, mpya hauna bado. Protini inayoitwa SeqA inapenda hiyo hali ya nusu nusu, inakalia kianzio inakifunika kwa muda, kama theluthi ya mzunguko hivi, DnaA haipati pa kukaa. Na wakati huohuo ATP iliyobebwa na DnaA inavunjwa, inabaki haina nguvu. Kwa hiyo kuna kufuli zaidi ya moja kwenye mlango mmoja.

MzeeWaKagera · #4

Asante binti kwa elimu. Mimi nilisoma zamani, enzi zetu biolojia ilikuwa amiba na panzi. Naomba kuuliza, hao ni wadudu wadogo wa duara moja. Sisi binadamu je? DNA yetu ni ndefu mno, kianzio kimoja kingetosha?

BintiUkindu · #5

Shikamoo mzee wangu. Kisingetosha kabisa. Kromosomu yetu namba moja peke yake ina jozi kama milioni 249, na fundi wetu ni mtaratibu, anakwenda kama herufi 50 kwa sekunde kwa sababu DNA yetu imezungushwa kwenye protini za histoni inabidi afungue na kufunga njiani. Kianzio kikiwa kimoja katikati, pande mbili zinafanya herufi 100 kwa sekunde, inachukua karibu siku 29 kwa kromosomu hiyo moja. Wakati seli zetu nyingi zinamaliza kila kitu kwa masaa kama nane. Ndo mana tunatumia vianzio vingi, makadirio ya kawaida ni 30,000 mpaka 50,000 kwa seli moja, na haviwashwi vyote kwa pamoja, vingine mapema vingine mwishoni.

Sasa mzee hapa kuna tatizo jipya ambalo E. coli hana. Una vianzio elfu arobaini, utahakikishaje kila kimoja kimewaka si zaidi ya mara moja? Kikiwaka mara mbili kipande hicho kinakuwa na nakala za ziada, na huko ndo kwenye njia ya kansa.

Suluhisho lake lilinifurahisha sana. Seli imetenganisha kupakia na kuwasha. Kabla ya kipindi cha kunakili, protini sita zinazoitwa ORC zinakaa kwenye DNA (ziligunduliwa kwenye hamira na Stephen Bell na Bruce Stillman, mwaka 1992), zinasaidiana na protini nyingine, Cdc6 na Cdt1, kuvalisha helikesi yetu inayoitwa MCM, pete mbili zimeelekeana uso kwa uso, na zinavalishwa zikiwa zimelala. DNA bado imefungwa, hakuna kinachofunguka. Wanaita kutoa leseni. Alafu wakati wa kunakili ukifika, kinaizi (vimeng'enya vya kuwasha na kuzima protini nyingine) zinapanda, zinaleta protini za Cdc45 na GINS, pete zinaamka, zinaachana, kila moja na njia yake. Na kinaizi zilezile zinazoamsha ndo zinazozuia kupakia upya! Juu ya hapo wanyama tunayo protini inaitwa jeminini, inamkamata Cdt1 asifanye kazi. Leseni hazitolewi tena mpaka seli imegawanyika. Ni kama daladala ambalo tiketi zinauzwa stendi tu, likishatoka getini hakuna kuuza tena.

Kwenye hamira kianzio kinatambulika kwa herufi, kuna mpangilio maalumu wa herufi 11. Kwetu hakuna herufi maalumu, ORC inafuata zaidi mahali palipo wazi.

Na hili sio jambo la vitabuni tu. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni za hizohizo protini, ORC1, ORC4, ORC6, CDT1, CDC6. Unaitwa ugonjwa wa Meier-Gorlin. Wanakuwa wafupi sana, masikio madogo, na mara nyingi hawana kilegesambwa, ile pia ya goti, au ipo ndogo mno. Seli zinagawanyika, ila kuanza kunachelewa, na mwili mzima unabaki mdogo. Kila nikifikiria mtoto asiye na pia ya goti kwa sababu ya protini ya kutoa leseni naona jinsi ile hatua ya kwanza ilivyo nzito.

NesiWaZamu · #6

Dada hongera, uzi mtamu. Mimi ni nesi, nilikuwa CTC (kliniki ya UKIMWI) miaka ile ya dozi zenye stavudini. Wagonjwa wengi walipona wakanenepa wakarudi kazini, Mungu ashukuriwe, lakini baada ya muda walianza kulalamika ganzi, nyayo zinawaka moto usiku, mashavu yanaingia ndani mpaka mtaani watu wanawajua kwa sura. Mama mmoja alikuwa anakuja na kandambili za mwanae wa kiume kwa sababu hawezi kuvaa kiatu chochote kilichobana. Daktari alitwambia dawa inaharibu mitokondria lakini hakufafanua. Ina uhusiano na hii mada?

BintiUkindu · #7

Una uhusiano mkubwa dada nesi, na asante kwa kumkumbuka huyo mama.

Mitokondria ina DNA yake yenyewe, kaduara kadogo ka jozi 16,569 chenye jeni 37, na seli moja inaweza kuwa na maelfu ya nakala. Haifuati ratiba ya kiini kabisa, inanakiliwa hata kwenye seli ya neva ambayo haitagawanyika maisha yake yote. Na mafundi wake ni tofauti: polimerasi gama, helikesi inaitwa Twinkle. Praimesi maalumu kama ile ya bakteria hakuna! Anayeanza ni RNA polimerasi ya mitokondria, yule ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma jeni. Anaanza kuandika RNA kama anataka kusoma jeni, mara nyingine anaishia njiani, na kile kipande cha RNA alichokiacha polimerasi gama anakigeuza kuwa praima. Mara nyingi hata hivyo polimerasi gama anaanza anakwenda herufi kama 650 anaacha, ndo mana eneo lile lina uzi wa tatu umebanwa katikati ya nyuzi mbili, kwenye picha ya maikroskopu ya elektroni unaonekana kama herufi D.

Anapoendelea kweli, anakwenda upande mmoja tu kwanza, theluthi mbili ya duara, uzi wa pili unabaki unaning'inia peke yake. Akipita mahali fulani ule uzi unaoning'inia unajikunja wenyewe unakuwa kama kipini cha nywele, RNA polimerasi inakitambua, inaweka praima fupi, na uzi wa pili nao unaanza kunakiliwa kurudi nyuma. Wanasayansi wamebishana sana kuhusu picha hii lakini wengi wanaikubali kwa binadamu.

Sasa stavudini. Inafanana na herufi T lakini pale kwenye kaboni ya tatu haina OH. Virusi vya UKIMWI vikiichukua na kuipachika, hakuna pa kuunganisha inayofuata, mnyororo unaisha hapo. Tatizo polimerasi gama naye anadanganyika. Nakala za DNA ya mitokondria zinapungua taratibu, neva ndefu za miguuni ambazo zinahitaji nishati nyingi zinaumia, mafuta ya mashavuni yanayeyuka, na kwa wengine asidi ya laktiki inapanda damuni, hiyo ilikuwa hatari kweli. Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zianze kuiondoa mwishoni mwa 2009. Tenofovir ya sasa inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ya kukata mnyororo, ila polimerasi gama haiipendi, kwahiyo anayesoma hapa asije akaogopa dozi yake akaiacha, tafadhali sana.

Na HIV yenyewe inaanzaje? Yenyewe ina RNA, inatengeneza DNA kwa kinyume, na bado polimerasi yake inataka OH. Inaiba kwetu. Inatoka kwenye seli ya mtu imebeba tRNA ya lisini, ile tunayoitumia kujenga protini, herufi 18 za mwisho wake zinakaa sawasawa kwenye RNA ya kirusi na hapo ndo ukili unaanza. Ameibiwa mtu mmoja, inatumika kwa mwingine.

Kloroplasti za mimea nazo zina DNA yake ya duara, kubwa kuliko ya mitokondria yetu, jozi laki moja na kitu, na kwenye tumbaku vianzio viwili vimeelezwa vizuri. Sitakaa sana hapo.

Mfugaji_Simanjiro · #8

Nafuatilia kimya kimya. Sisi huku shida yetu ni ndorobo, ng'ombe wanapata nagana wanakonda wanakufa. Hao wadudu wa kwenye damu wanao hiyo DNA ya pembeni?

BintiUkindu · #9

Wanayo kaka, na ni ya ajabu kuliko zote nilizowahi kusoma. Tripanosoma, wale wa nagana na wa malale kwa binadamu, wana mitokondria moja tu kubwa, na ndani yake DNA imekaa kama wavu. Viduara vidogo kama 5,000 vya jozi kama 1,000 kila kimoja, na vikubwa vichache, vyote vimepitiana kama pete za mnyororo, kila pete imeshikana na jirani zake. Sasa fikiria unakilije kitu kama hicho.

Wanachofanya: kimeng'enya kinafungua kiduara kimoja kutoka kwenye wavu, kinakuwa huru. Kuna protini inatambua herufi 12 ambazo zipo kwenye kila kiduara hata kama sehemu nyingine zote zinatofautiana, inaanza kunakiliwa pale, vinatoka viwili, vinarudishwa kupachikwa pembezoni mwa wavu. Na vikirudishwa vinaachwa na mipasuko midogo haijaungwa. Hiyo mipasuko ndo alama kwamba huyu ameshanakiliwa asichukuliwe tena. Vyote elfu tano vikiisha, ndo mipasuko inaungwa na wavu unagawanyika mara mbili. Bakteria anatumia methili kujua nani mpya nani wa zamani, sisi tunatumia leseni, huyu anatumia mshono ambao haujafungwa.

Alafu sikia hii. Kuna dawa ya nagana ya tangu miaka ya 1950, vidonge unayeyusha kwenye maji yanakuwa mekundu unachoma ng'ombe, homidiamu. Wazee wa mifugo wanaijua. Ile homidiamu bromaidi ndo ethidiamu bromaidi ambayo sisi maabara tunatia kwenye jeli ili DNA ing'ae kwenye UV, tunaivalia glavu. Molekuli ileile. Inajipenyeza katikati ya jozi za DNA inazisukuma. Na utafiti uliotoka 2010 ulionyesha kwamba kwenye tripanosoma inachozuia ni vile viduara kuanza kunakiliwa, umbo la DNA likishasokotwa vibaya kianzio hakifunguki. Kwahiyo ile taa niliyowasha kwenye jeli yangu iliyotoka tupu ilikuwa inamulika dawa ya ng'ombe wako.

Mfugaji_Simanjiro · #10

Aisee. Hiyo ya maji mekundu baba yangu alikuwa nayo kwenye sanduku. Siku hizi hapa kwetu haiwasaidii wengine, wadudu wameizoea.

Nyanza_Clinician · #11

Salamu kutoka Kisumu. Dada umeongea poa sana lakini umeruka kirusi ambacho huku kwetu tunakiona kila wiki wodi ya watoto. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, akaona watoto wenye uvimbe mkubwa kwa taya, akaandika 1958. Mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za huo uvimbe, ndio tunaita Epstein-Barr, EBV.

Sasa huyu jamaa ana njia mbili za kuanza. Akiwa amelala kwa seli, DNA yake ni duara ndani ya nucleus, na anatumia protini yake moja tu, EBNA1, inashika kianzio kinaitwa oriP, halafu inaita ORC na MCM zetu wenyewe. Yaani ananakiliwa mara moja tu kwa kila mzunguko wa seli, na leseni yetu, kwa adabu kabisa, seli ikigawanyika naye anagawanywa. Ndio maana unaishi naye maisha yako yote. Akiamka anahama kwa kianzio kingine, oriLyt, anatumia polimerasi yake na helikesi yake, ananakili bila kuuliza mtu. Na HPV ya kansa ya shingo ya kizazi iko karibu na hiyo, E2 inaleta E1 kwa kianzio, E1 ndio helikesi, kila kitu kingine ni cha seli. Wazazi msikose kupeleka wasichana wapate chanjo.

BintiUkindu · #12

Asante daktari, umenisaidia, EBV nilikuwa siijui kwa undani huo. Nami nakuja na kirusi changu cha mihogo, hiki ninachokipima kila siku.

Batobato iliandikwa kitaalamu mara ya kwanza hapahapa kwetu, 1894, enzi za Mjerumani, na mtaalamu wa mimea Warburg. Miaka ya 1990 aina kali ikafagia mihogo ya Uganda, watu walilala njaa. Ukiangalia jani unaona mabaka ya njano na kijani, jani limejikunja upande mmoja kama limeungua, na mizizi inatoka kama vidole. (Wengine wanachanganya na michirizi ya kahawia, ile ni kirusi cha RNA, ugonjwa mwingine kabisa.)

Kirusi chenyewe kina viduara viwili vya DNA, A na B, kila kimoja herufi kama 2,700 mpaka 2,800, na ni uzi mmoja mmoja. Kimekaa kwenye magamba mawili yaliyogandana kama mapacha. Hakina polimerasi. Sio kwamba kina mbovu, hakina kabisa, jeni haipo. Nzi weupe wanakiingiza kwenye jani, na seli ya jani lililokomaa imeshaacha kugawanyika, mafundi wa kunakili wamefungwa. Kinachobeba ni protini inaitwa Rep, na hii Rep inafanya mambo mawili. Kwanza inamshika mlinzi wa seli ya mmea, yule anayezuia kuingia kwenye kipindi cha kunakili, seli inaamka inatengeneza polimerasi. Pili, na hapa ndo penye mada yetu, Rep haitafuti praima. Inatafuta mahali ambapo DNA imejikunja kipini, juu yake kuna herufi tisa, TAATATTAC, ambazo jamii hii yote ya virusi inazo karibu bila kubadilika, na inakata uzi kati ya T ya mwisho na A. Ukikata uzi upande mmoja unabaki na OH! Kirusi kinatengeneza kishikio kwa mkasi. Rep yenyewe inabaki imeshikilia ncha ya pili, polimerasi ya muhogo inaendeleza kutoka kwenye OH, uzi wa zamani unasukumwa nje huku duara likizunguka, kama unavyovuta uzi kwenye kibiringo. Zamu ikiisha Rep inakata na kuunga.

Na B haina Rep yake. Inatumia ya A, kwa sababu zote mbili zinashea kipande cha herufi kama 200 kinachofanana. Praima zangu mimi zinashika kwenye DNA hiyohiyo, kwahiyo kila siku nafanya kwa kemikali za kununua kitu ambacho kirusi kinafanya kwa protini moja.

Wapo wengine wanaotumia protini yenyewe kama mwanzo wa ukili. Adenovirusi, DNA yake imenyooka, jozi kama 36,000, herufi ya kwanza inapachikwa kwenye asidi-amino ya serini ya protini, mana serini nayo ina OH. Margarita Salas kule Hispania alitumia maisha yake kwenye kirusi kidogo cha bakteria kinaitwa phi29 kinachofanya hivyohivyo, na polimerasi yake sasa ipo kwenye maabara dunia nzima. Homa ya ini B nayo hivyohivyo, polimerasi inajipachika herufi ya kwanza mwilini mwake, kwenye tairosini.

Dogo_PCB · #13

Dada nimeelewa kuliko mwaka mzima wa darasani. Swali la mwisho. Kama praimesi inaweza kuanza bila kishikio, kwanini polimerasi isingejifunza tu? Mbona kuzunguka kote huku?

BintiUkindu · #14

Hilo nililiuliza na mimi nikiwa chuo. Maelezo ambayo wengi wanayakubali ni haya. DNA polimerasi kabla ya kupachika herufi inakagua iliyotangulia, kama jozi ya nyuma haijakaa sawa inasita, inarudi, inaifuta, inaandika tena. Ndo mana makosa yake ni machache hivyo. Sasa anayeanza kwenye hewa hana cha nyuma cha kukagua. Ukitaka fundi mwangalifu lazima ukubali kwamba hatoweza kuanza, na ukitaka anayeanza lazima ukubali anakosea. Seli imechukua wote wawili. Praimesi inaanza vibaya vibaya, lakini kwa RNA, na RNA ina sukari tofauti, ni kama kuandika kwa penseli, kila mtu anajua hiki ni cha muda kitafutwa. Bibi naye mkeka ukiisha alikuwa anakata kile kichwa cha ukili alichoanzia.

Ila kufuta kuna gharama. Kromosomu zetu zimenyooka, kwahiyo praima ya mwisho kabisa ukingoni ikitolewa hakuna OH nyuma yake ya kujazia, unabaki umepungukiwa kidogo kila raundi. Seli za uzazi zina telomeresi, inakuja imebeba RNA yake kama kiolezo, inarefusha ncha. E. coli na mitokondria hawana shida hiyo mana duara halina ncha. Na adenovirusi, DNA imenyooka lakini haifupiki, kwa sababu protini yake inaanzia kwenye ncha yenyewe, hakuna praima ya RNA ya kung'oa.

NesiWaZamu · #15

Na zile sampuli za mihogo dada, ulirudia?

BintiUkindu · #16

Nilirudia kesho yake asubuhi, praima nimezitoa kwanza nikaziweka mbele yangu. Kumi zilikuwa za wakulima, saba zina batobato, mistari imewaka palepale inapotakiwa. Nimempigia afisa ugani mchana uleule wasikate vijiti vya kupanda kwenye mashamba hayo, mvua zinakaribia na watu wameshaanza kugawana.